Walio Juu ya Meza na Walio Chini Yake

Miaka mitatu iliyopita nilimpa mwanachuo mmoja alama ya chini katika mazoezi ya kufundisha, naye akalazimika kuyarudia mazoezi hayo. Sitamtaja yeye wala shule. Makala haya yanahusu treni za mfano, zile ndogo za mezani, na vyama vya watu wazima wa Ulaya na Marekani wanaozitengeneza na kuziendesha. Lakini nisingeliandika neno hata moja juu ya treni hizo kama isingelikuwa alama ile. Kwa hiyo ni haki ya msomaji kuijua tangu mwanzo.

Somo lilikuwa la usafirishaji, darasa la tano. Mwanachuo huyo aliwagawa wanafunzi katika makundi, akalitaka kila kundi litengeneze stesheni ya treni kwa vitu walivyokuja navyo: maboksi, nyaya, vijiti, vifuniko vya chupa. Nilikaa nyuma ya darasa na daftari langu la ukaguzi. Katika kundi lililokuwa karibu nami wavulana wawili walipinda nyaya kutengeneza kichwa cha treni. Msichana mmoja alikuwa amejitenga akiandika ratiba, kwa saa na dakika. Mwingine alichora abiria na mizigo yao. Na mvulana mmoja alikuwa ameingia kabisa chini ya dawati, akiwa na betri kuukuu za redio na balbu ya tochi, hata ilionekana miguu yake tu. Niliandika: "Wanafunzi hawana kazi moja. Mwalimu hana udhibiti wa darasa. Mwanafunzi mmoja anacheza chini ya dawati." Kengele ilipolia stesheni haikuwa imekamilika. Kichwa cha treni kilikuwa kikubwa kuliko jengo la stesheni, ratiba ilitaja vituo ambavyo havikuwapo, na balbu haikuwaka. Niliona kwamba darasa lenyewe limethibitisha maneno yangu, nikafunga daftari.

Mwaka uliofuata nilibahatika kupelekwa Uingereza kwa kozi ya miezi mitatu. Niliwekwa katika nyumba ya mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mtu mpole mwenye maneno machache. Kila Jumanne jioni alitoka akiwa na kisanduku cha mbao kwapani. Nilipomwuliza aendako alijibu kwamba anakwenda chamani. Nilidhani ni chama cha siasa, nikaona si adabu kuuliza zaidi. Wiki ya tatu alinialika twende pamoja, nami kwa kuona haya ya kukataa nikakubali.

Tulikwenda katika ukumbi ulio nyuma ya kanisa. Ndani yake palikuwa na meza ndefu iliyozunguka kuta tatu za ukumbi, na juu ya meza hiyo palikuwa na nchi nzima: vilima, mto, daraja la mawe, kijiji chenye baa na duka la nyama, na stesheni yenye majukwaa mawili. Treni iliyotoka upande mmoja ilipita katika handaki, ikatokea mtoni, ikasimama stesheni kwa muda wa abiria kushuka, ingawa abiria wenyewe walikuwa wamegandishwa kwa gundi. Watu waliokuwamo ukumbini hawakupungua kumi na wanne, wengi wao wazee. Nakiri kwamba wazo langu la kwanza lilikuwa la dharau. Nilijisemea kwamba watu hawa wamekosa wajukuu.

Wazo hilo lilianza kuniondoka pale nilipoacha kuzitazama treni nikawatazama watu.

Nilitarajia kwamba watu wa chama kimoja hupenda kitu kimoja. Haikuwa hivyo hata kidogo. Mwenyeji wangu, kwa mfano, hakujali sana treni. Kazi yake ilikuwa miti. Katika kile kisanduku mlikuwa na miti ishirini ya waya uliosokotwa, iliyopakwa gundi na kunyunyizwa unga wa sponji uliotiwa rangi, naye aliweza kukueleza tofauti ya mti wa mwezi wa tano na mti wa mwezi wa tisa. Jirani yake alitengeneza vichwa vya treni kwa bati la shaba nyeupe na njano, akilehemu vipande vidogo kuliko punje ya mtama; lakini kichwa kikiisha kutembea mara mbili tatu, hamu humtoka, akaanza kingine. Mtu wa tatu hakutengeneza chochote. Alikuwa na makabati ya picha, ratiba za zamani na michoro ya stesheni, na neno lake lilikuwa la mwisho kila ilipobishaniwa mlango wa behewa fulani ulikuwa wa rangi gani katika mwaka 1936. Wenzake walimtania kwamba yeye huhesabu ribiti. Wawili wengine walikuja kwa ajili ya kuendesha tu. Kila mmoja alisimama upande wake wa meza, na hawakusemezana kwa mdomo, bali kwa kugonga kengele: idadi fulani ya milio kuuliza kama njia i wazi, na milio kama hiyo kujibu. Hivyo ndivyo walivyofanya watu wa vibanda vya ishara katika reli za kweli za Uingereza.

Na chini ya meza, miguu yake tu ikionekana, alikuwako mtu mmoja na taa kichwani.

Nilisimama pale nikiitazama miguu ile kwa muda ambao mwenyeji wangu aliuona kuwa mrefu. Aliniambia huyo ndiye mtu wa nyaya, na kwamba katika miaka kumi na tano hajapata kumwona akiendesha treni hata moja.

Hapa yafaa nieleze kidogo asili ya mambo haya, maana wengi wetu hatukukulia penye treni za kuchezea. Watengenezaji wa Ujerumani walikuwa wakiuza treni za bati tangu karne ya 19, na mwaka 1891 kampuni ya Märklin ilitoa reli zenye upana maalumu uliopewa namba, ili behewa lililonunuliwa mwaka huu litembee juu ya reli zilizonunuliwa mwaka jana. Vyama vilikuja baadaye. Kile cha London kilianzishwa mwaka 1910, nacho kingali hai, karibu na stesheni kubwa ya King's Cross. Marekani waliunda chama chao cha taifa mwaka 1935 katika mji wa Milwaukee, na sababu kubwa iliyowakutanisha ni ya kutufaa sisi walimu: kila mtengenezaji alikuwa na kipimo chake cha gurudumu na cha reli, na gari la huyu lilianguka njia ya yule. Chama hicho kiliweka vipimo vya pamoja. Hakikumwambia mtu apende nini.

Mwalimu wa hesabu atafurahia suala la skeli. Treni ndogo zinazoenea zaidi duniani zimepunguzwa mara 87. Reli ya kawaida ya Ulaya, ambayo ndiyo pia ya reli mpya ya umeme itokayo Dar es Salaam, ina upana wa milimita 1,435. Ukigawanya kwa 87 unapata milimita 16.5, na ndivyo reli hizo za mezani zilivyo. Lakini Waingereza wana kasoro yao ya kihistoria. Treni zao za kweli ni nyembamba kuliko za bara la Ulaya, na mota za umeme za miaka ya 1920 na 1930 hazikuenea ndani ya kichwa cha Kiingereza kilichopunguzwa mara 87. Basi wakakikuza kichwa, wakakipunguza mara 76 tu, lakini reli wakaiacha vile vile, milimita 16.5. Matokeo yake ni kwamba treni ya Kiingereza ya mezani husimama juu ya reli iliyo nyembamba kuliko inavyostahili, kama mtu mnene aliyevaa viatu vya mtoto. Wengi hawajali. Wengine wanakosa usingizi. Wapo walioipanua reli hadi milimita 18.2, na wapo waliosema hapana, hesabu ni hesabu, wakaenda hadi 18.83, ingawa kila gurudumu lazima wabadilishe kwa mikono yao. Ukumbi ule ulikuwa na mzee mmoja wa namna hiyo. Alikuwa na meza yake ndogo ya pekee pembeni, kwa kuwa treni zake hazikuweza kupita katika reli za wenzake, naye alionekana kuwa na furaha kuliko wote.

Hesabu hiyo hiyo huonyesha kwa nini treni za mfano haziwezi kuwa nakala halisi hata mtu angetaka namna gani. Mimi ni mtu wa Same. Kutoka Same mpaka Moshi ni kama kilomita 100. Ukizipunguza mara 76 bado unahitaji meza yenye urefu wa mita 1,300 na zaidi. Hakuna ukumbi wa namna hiyo. Kwa hiyo kila mtengenezaji analazimika kuchagua: nini kibaki, nini kiachwe, na wapi vilima viwili viwe kimoja bila mtazamaji kuona kwamba ametapeliwa. Saa nayo hupunguzwa. Wale wapendao kuendesha kwa ratiba huwa na saa ya ukutani iliyoharakishwa, pengine mara sita, ili siku nzima ya treni iishe katika saa nne za jioni. Sijapata kuona mfano bora wa jambo tunalowaambia wanachuo kila mwaka bila wao kulielewa, kwamba kuandaa somo ni kazi ya kuacha zaidi kuliko kazi ya kuweka.

Nilipotajiwa mzee aliyejenga treni za Afrika ya Mashariki nilidhani ni utani. Kumbe alikuwako, na usiku ule alileta kichwa kimoja anipe nikione. Kilikuwa ni Garratt ya daraja la 59, aina iliyotengenezwa Manchester katika miaka ya 1955 na 1956 kwa ajili ya reli ya Mombasa na Nairobi. Vilikuwa vichwa 34, kila kimoja kikiwa na uzito wa tani 250 hivi, na hapana treni za mvuke zilizopata kuzishinda hizo kwa nguvu juu ya reli ya upana wa mita moja. Kila kimoja kilipewa jina la mlima. Mzee alikigeuza kile alichokishika, akanionyesha kibao ambacho nilikisoma kwa shida: Mount Shengena. Nimekulia chini ya Mlima Shengena. Kuni tulizopikia tulizitoa katika miguu yake. Wala sikuwa nimepata kusikia kwamba upo mlima wetu wa chuma, namba 5930, na kwamba umehifadhiwa Nairobi. Mzee huyo hakupata kufika Afrika. Alikuwa amejenga kwa michoro na picha, kwa kupunguza mara 87. Na reli yetu ya milimita 1,000, ambayo ingestahili kuwa milimita 11.5, aliipa 12, kwa kuwa ndiyo inayouzwa madukani. Aliomba radhi kwa ile nusu milimita. Nilimwambia Wapare wamemsamehe.

Sipendi msomaji adhani kwamba nilikuta peponi. Vyama hivi hugombana. Jumanne iliyofuata nilishuhudia ugomvi wenyewe. Watu wa juu ya meza walitaka reli ipande kilimani, izunguke kitanzi, irudi juu ya njia ile ile iliyotokea, kwa sababu ingependeza macho. Mtu wa nyaya alitoka chini ya meza akasema haiwezekani. Sababu yake ni rahisi kwa aliyesoma fizikia kidogo. Treni hizi hupata umeme wa volti 12 kutoka katika reli zenyewe, reli moja ikiwa chanya na nyingine hasi. Reli ikizunguka na kujirudia, ile ya kushoto hukutana na ya kulia; chanya hugusa hasi, na papo hapo umeme hupiga shoti. Dawa ipo: hukatwa kipande cha reli katika kitanzi kikatengwa na vingine, na kuwekwa swichi ya kugeuza umeme treni iwapo ndani. Lakini hiyo ni kazi ya wiki tatu chini ya meza kwa ajili ya dakika moja ya uzuri juu yake. Maneno makali yalisemwa. Mwenyeji wangu, mtu wa miti, alinyamaza muda wote, kisha akauliza wangependa chai ya maziwa au ya rangi.

Vile vile si vyama vya kila mtu. Vitu hivi vina gharama. Wanawake niliowaona ni wawili, na vijana ni mmoja. Wazee wenyewe walikuwa na wasiwasi kwamba chama kitakufa pamoja nao.

Ni mwenyeji wangu aliyenielekeza kwenye habari za chama cha wanafunzi wa Chuo cha Teknolojia cha Massachusetts, huko Marekani, na nadhani alijua alichokuwa akifanya. Chama hicho cha treni za mfano kilianzishwa mwaka 1946. Kwa miaka mingi kilikaa katika jengo namba 20, jengo la mbao lililojengwa haraka wakati wa vita kwa utafiti wa rada, likabomolewa mwaka 1998. Mwishoni mwa miaka ya 1950 wanachama wake walikuwa wamegawanyika katika pande mbili. Upande mmoja ulikuwa wa visu na brashi za rangi: hao walitengeneza mabehewa, milima na miji, na kusoma majarida ya reli. Upande wa pili uliitwa Kamati Ndogo ya Ishara na Umeme, nao makao yao yalikuwa chini ya meza. Kule chini palikuwa na nyaya nyingi kupita kiasi, na swichi za umeme zilizotoka katika mitambo ya simu, ambazo kampuni ya vifaa vya simu ilitoa kwa vyuo kama msaada. Kwa kuzungusha kidude cha kupigia namba za simu, mwendeshaji aliweza kuchagua ni kipande gani cha reli kiwe chini ya mkono wake. Treni kadhaa ziliweza kwenda kwa wakati mmoja na watu kadhaa. Vijana hao hawakuwa na haja kubwa na treni. Walitaka kujua amri hutembeaje kutoka kidoleni mpaka kwenye gurudumu.

Mwaka 1959 chuo kile kilianzisha somo la kupanga amri za kompyuta, na baadhi ya wale wa chini ya meza wakajiandikisha. Kompyuta za siku zile zilijaza chumba na zililindwa kama hazina ya benki, lakini ilipopatikana moja iliyoweza kutumiwa usiku, walihamia huko na tabia zao zote. Mmoja wao, Peter Samson, aliifundisha mashine hiyo kupiga muziki. Ndiye pia aliyeandika kamusi ya maneno ya chama. Mwaka 1962 Steve Russell na wenzake, baadhi yao wakiwa watu wa chama, walikamilisha mchezo wa vyombo viwili vya angani vinavyopigana katika kioo cha kompyuta, na Alan Kotok na Bob Saunders wakatengeneza visanduku vya kuuchezea kwa vipuri vilivyokuwa vimelala katika chumba cha treni. Neno "hacker", ambalo siku hizi magazeti hulitumia kwa wezi wa kompyuta, katika chumba kile lilikuwa sifa ya fundi afanyaye jambo kwa werevu na kwa furaha ya kulifanya.

Nimewahi kuisimulia habari hii mbele ya wakufunzi wenzangu, na mmoja akaniuliza: "Kwa hiyo kila mtoto aliye chini ya dawati ni mvumbuzi wa kompyuta?" La hasha. Wengine wamelala. Wengine wanakula karanga. Sina hakika hata kidogo juu ya yule mvulana wangu. Labda balbu isingewaka milele. Jambo linaloniumiza ni dogo zaidi: sikuinama kumtazama. Niliona miguu, nikaandika.

Na yule mwanachuo, je, somo lake lilikuwa zuri? Baada ya kukaa Jumanne saba katika ukumbi ule naweza kusema lilikuwa na upungufu, ila si ule niliouandika. Niliandika kwamba wanafunzi hawakuwa na kazi moja, na hilo halikuwa kosa. Kosa lilikuwa katika maungio. Katika chama kile kila mtu alishika lake, lakini mambo matatu hayakuwa na mjadala: upana wa reli, volti za umeme, na kimo cha meza mahali ambapo kipande cha mtu mmoja kilikutana na cha mwingine. Hapo waliacha upole wao wote. Nilimwona mzee wa miaka themanini akirudishiwa ubao wake kwa sababu ulizidi kwa milimita mbili ukingoni. Katikati ya ubao angeweza kuweka volkano, hakuna ambaye angemwuliza. Wanafunzi wa darasa la tano hawakuambiwa ukubwa wa treni kabla ya kuanza. Hawakuambiwa majina ya vituo. Rula moja na sentensi tatu ubaoni zingetosha, na kichwa cha treni kingeingia stesheni. Hilo ndilo ningepaswa kuandika katika daftari, na lisingemrudisha mtu kwenye mazoezi.

Niliporudi chuoni nilitaka kuwajaribisha wanachuo jambo hilo bila gharama. Nilitumia fumbo la Mwingereza Alan Wright, ambalo wapenzi wa treni za mfano wanalijua kote. Chora sakafuni kwa chaki njia tatu za reli zinazoungana kuwa njia moja. Njia ya kwanza ina nafasi ya mabehewa matano. Ya pili na ya tatu zina nafasi ya matatu matatu. Ile moja inayoziunganisha ina nafasi ya kichwa cha treni na mabehewa matatu, basi. Chukua vibiriti vinane, uvitie namba, uviweke matano katika njia ndefu na matatu katika njia mojawapo fupi. Kipande cha sabuni kiwe kichwa cha treni. Kisha uchanganye vikaratasi vyenye namba, utoe vitano: hao ndio mabehewa yanayotakiwa, kwa mpangilio ule ule, katika njia ndefu. Kichwa huvuta na kusukuma. Hakiruki, na mkono hauruhusiwi kunyanyua behewa. Mipangilio inayoweza kutokea ni 8 mara 7 mara 6 mara 5 mara 4, yaani 6,720, kwa hiyo hakuna hatari ya darasa kuumaliza mchezo kabla ya likizo.

Wanachuo wangu walikuwa watano katika kila kundi. Katika kundi la kwanza wawili walisukuma vibiriti. Mmoja alinyakua daftari akaanza kuandika kila hatua kwa alama alizozibuni mwenyewe, ili aone kama iko njia fupi zaidi; hakugusa kibiriti mpaka mwisho. Mmoja alianza kuvichora vibiriti milango na madirisha, nikawa karibu kumkemea, ulimi ukasita. Wa tano alilalamika kwamba nafasi moja ya chaki ilikuwa fupi kuliko kibiriti, na kwa hiyo mchezo mzima ni batili. Alikuwa na haki. Nilifuta nikachora upya kwa rula.

Alama ya yule mwanachuo siwezi kuifuta. Alirudia mazoezi, akafaulu chini ya mkaguzi mwingine, na sasa anafundisha katika shule ya mbali na barabara kuu. Mwezi uliopita nilimwandikia barua. Nilimweleza habari za ukumbi, za miguu chini ya meza, na za rula. Nikamwomba radhi kwa maneno ya wazi, jambo ambalo wakufunzi hatulizoei, na karatasi tatu nilizichana kabla ya kuipata ya nne.

Jibu lake lilikuja baada ya siku kumi na mbili. Lilianza: "Shikamoo Mwalimu," likaniuliza hali ya nyumbani na ya chuo. Juu ya radhi yangu hakusema kitu, wala kukubali wala kukataa. Alisema kwamba darasa lake la sasa wametengeneza stesheni, urefu wa hatua mbili, na safari hii vipimo viliandikwa ubaoni kwanza. Kisha akauliza: wanafunzi wanataka taa mbili za ishara, nyekundu na ya kijani, kwa betri zile zile, lakini nyekundu izimike yenyewe pale ya kijani inapowaka, na kinyume chake. Wamejaribu kwa swichi mbili na daima kuna mtu anayesahau moja. Je, kuna namna ya kufanya kwa swichi moja?

Sikujua. Nimempelekea mkufunzi wa fizikia barua hiyo, naye amechukua karatasi na kalamu akaanza kuchora.